Wimbo wa Kupimia Spika

Baba yangu alikuwa fundi redio Ngamiani, Tanga, na kila redio iliyopona mikononi mwake ilipimwa kwa wimbo mmoja. Akishakaza skrubu ya mwisho, anachomeka kanda, anaweka kiganja juu ya wavu wa spika, anainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. Redio isiyo na mahali pa kanda, spika yake anaiunganisha kwa nyaya mbili na redio-kaseti ya kazini. Wimbo ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Besi ikitoka nzito bila kukwaruza, anasema, "Hii nzima, mchukue." Ikikwaruza, anarudi kwenye bisibisi kimya kimya.

Aliuchagua kwa ajili ya besi tu. Usikilize hata leo, utaona: gitaa la besi la Tom Malanga halijifichi nyuma ya wenzake. Linakwenda mbele, linajibizana na waimbaji, halafu linaacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ridhimu ya Omari Shabani inasaga taratibu bila kuchoka. Baba hakujua jina hata moja kati ya hayo wala hakuyahitaji. Alichojua ni kwamba karatasi ya spika ikiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, nyimbo nyingine zitaufichia siri, lakini besi ile itauumbua.

Kupima spika ni kazi ya dakika moja. Kwa hiyo mimi nilikulia ndani ya mwanzo wa wimbo. Niliusikia asubuhi, mchana na jioni, na sikuwahi kufika katikati yake. Besi niliijua kabla sijatambua kwamba wimbo una maneno, na maneno niliyotambua kwanza yalikuwa yale mawili ya jina lake.

Kanda yenyewe ilikuwa na safari yake. Les Wanyika waliundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, na Simba Wanyika ilikuwa bendi ya ndugu wawili wa huku kwetu, Wilson na George Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz ya hapa hapa Tanga kabla ya kuvuka kwenda Kenya. Wazee wa Ngamiani hawakuchoka kulisema hilo. "Hao watoto wetu," walisema, wakiwajumlisha hata wasiokuwa watoto wetu. Lakini watoto wetu walikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Miaka yote hiyo muziki wa ndugu zetu walioko Nairobi tuliupata kwa kunasa Sauti ya Kenya, au kwa njia za panya, pamoja na sabuni, dawa ya meno na vipuri vya redio. Kanda ya baba ililetwa na mtu wa Horohoro, kule mpakani, ndani ya gunia la vitunguu. Mimi huapa kwamba ilinuka vitunguu mwaka mzima. Mama husema nimejitungia.

Hilo la vipuri nalisema kwa sababu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979 na vimeondoka na kila kitu. Madukani kulikuwa na rafu tupu. Fundi redio wa wakati huo alikuwa kama mchinjaji: redio moja inakufa ili nyingine tatu ziishi. Transista moja ikiungua, ama uitoe kwenye mzoga, ama umsubiri mtu wa Horohoro, ama umwambie mwenye redio asali sana.

Mwaka 1982, nikiwa na miaka tisa, Bi Mwanahamisi wa barabara ya kumi na nne alileta National yake ndogo ya betri nne. Ugonjwa wake ulikuwa mdogo. Ukizungusha kitufe cha sauti inakoroma kidogo, basi. Alikuwa mjane, na redio ile aliitaka kwa mambo mawili, taarab ya usiku na matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, kwa sababu alikuwa na ndugu wengi mbali na alisema hataki kuletewa msiba na mtu wa barabarani.

Baba alisafisha kitufe. Halafu, ili asimalize betri za bibi wa watu, akaichomeka kwenye transfoma yake ya mezani. Nilikuwa nimekaa miguuni pake nikichambua skrubu. Niliona moshi kabla yake, mwembamba, ukipanda kama wa udi. Alikuwa amegeuza nyaya, chanya kwenye hasi. Akachomoa haraka. Akaniangalia. Nikamwangalia.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita nikiwa mtoto, "nenda kanunue chumvi."

Nyumbani chumvi ilikuwepo.

Bi Mwanahamisi alikuja alasiri. Nilikuwa nimesharudi, nimesimama mlangoni na chumvi yangu kwenye karatasi. Baba alimwamkia vizuri, akamvutia kiti, akaanza kueleza. Redio imekula umri, Bibi. Hizi za zamani zinachoka ndani kwa ndani. Kitufe kile kilikuwa dalili tu. Na vipuri vyake sasa, hata ukienda Dar es Salaam... Kila alichosema kilikuwa kweli kikiwa peke yake. Redio ilikuwa ya zamani. Vipuri havikuwepo. Bibi alisikiliza, akasema, "Haya mwanangu, ndiyo mipango ya Mungu," akamwachia mzoga.

Wiki ile ile spika ya National ilihamia kwenye redio ya mtu wa bandarini. Ilikuwa spika safi. Baba aliweka kanda, akaweka kiganja, akasema, "Hii nzima, mchukue."

Kitu kingine kilichotokea baada ya hapo nilikiona lakini sikukielewa. Mbele ya kibanda kilikuja kigoda kipya, kifupi, cha mvule. Kila siku kuelekea magharibi Bi Mwanahamisi alikuja kukikalia, na baba alimwekea stesheni ya taifa kwa sauti kubwa. Mteja mwingine akikaa pale baba humwambia, "Hapo pana mwenyewe." Kahawa ililipwa na baba. Ikawa hivyo hadi bibi alipofariki, miaka sita baadaye. Sikuwahi kusikia neno lolote likisemwa kuhusu National.

Wimbo wenyewe niliusikia wote kwa mara ya kwanza mwaka 1996, kwenye harusi ya dada yangu. Walikodi muziki wa spika kubwa, na usiku ulipokolea ile besi ikaanza. Mwili wangu ulisubiri ikatike baada ya dakika moja, kama kawaida. Haikukatika. Wazee wakainuka, bwana harusi akainuka, dada na shela lake akainuka. Shangazi yetu mkubwa, aliyekuwa amekaa pembeni akijipepea na kanga, alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Mnakijua mnachokicheza nyie?"

Hatukukijua. Tukakaa naye, akatufafanulia mstari kwa mstari huku wimbo ukiendelea. Kuna mwanamke. Kuna mwanaume aliyepandwa na hasira kwa ajili yake, na mwimbaji ndiye anayekasirikiwa. Sasa sikilizeni anavyojitetea, akasema shangazi. Anamwambia mwenzake: hasira za nini, wataka kuniua bure. Yule si wako, na wala si wangu. Wewe una wako nyumbani, mimi nina wangu nyumbani. Sasa kinachokuuma nini?

"Na bibi harusi anaukatikia!" alisema shangazi, akarudi kwenye kicheko chake.

Tangu siku hiyo nimeusikiliza mara nyingi nikitafuta mahali anaposema hakufanya. Sijapaona. Hakani chochote. Anachofanya ni kuonyesha kwamba mwenzake hana haki ya kukasirika, basi, na akishalionyesha hilo kazi imekwisha, anaimba kwamba hana makosa kwa sauti laini kiasi kwamba na wewe unaungana naye. Nadhani ndiyo maana unapigwa kwenye harusi mpaka leo. Utetezi mtamu kama ule hata hakimu angeuchezea kidogo.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba Makorora, mashine mbili, na msichana mmoja anayejifunza. Kwa miaka mingi nilijiona mtu mwadilifu kuliko baba, kwa kipimo cha moshi ule. Nilikuwa nimeuhifadhi moyoni kama risiti.

Halafu Mama Zaituni akaleta kitenge chake. Yadi sita, rangi ya bluu ya bahari, kina kanga, wale ndege, wamejipanga wote vichwa juu. Alitaka gauni refu la harusi ya mdogo wake, na kilemba. Nikapima, nikapiga chaki. Ili kilemba kitoshe, nilikunja kitambaa kwa mapana badala ya urefu, nikabana vipande, nikakata. Ye yote anayeshona vitenge ameshajua kilichotokea. Kipande cha mbele ndege walisimama. Kipande cha nyuma walikuwa wamening'inia miguu juu.

Niliona nilipokuwa nimeshaunga mabega. Ilikuwa Alhamisi usiku, harusi ni Jumamosi. Nikashona mpaka mwisho.

Alipokuja kujaribu, alijitazama kwa mbele kwenye kioo akafurahi. Nikamfunga zipu. Sikumwambia ageuke. Aligeuzwa na watu wa harusini. Jumatatu alirudi na gauni kwenye mfuko, akaniambia mashemeji wameuliza kama ndege wake wamepigwa manati.

Nami nikaanza. Kitambaa kilikuwa kifupi, Mama Zaituni. Kwa gauni refu na kilemba unaleta yadi saba au nane. Halafu vitenge hivi vya siku hizi havina juu wala chini, ndiyo mtindo. Na ungekuja kujaribu mapema tungerekebisha. Kila nilichosema kilikuwa na ukweli wake. Akanisikiliza, akachukua mfuko wake, akaondoka bila kuaga, na kwetu huku mtu asiyeaga amekwisha kusema mengi.

Usiku nilimsimulia mume wangu, nikitaka aniunge mkono. Nilieleza habari ya yadi, nikaeleza habari ya mtindo, nikamalizia, "Kwa hiyo hapo mimi sina makosa."

Mume wangu alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua macho. Akaanza kuguna, taratibu, kwa kifua, ile besi.

Nilikasirika kwa siku mbili. Sikukasirika kwa sababu ya mzaha wake. Anamtania kila mtu. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeisikia sauti yangu, na haikuwa yangu. Ile namna ya kumvutia mtu kiti kwanza. Ile namna ya kupanga mambo ya kweli moja moja, kama matofali, kuzunguka jambo moja usilotaka lionekane. Hata neno "ndani kwa ndani" nililitumia, nilipokuwa naeleza jinsi nyuzi za vitenge vya bei rahisi zinavyojivuta. Nilikuwa nimemrithi baba vidole na maneno.

Nikajiwekea mpango, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa karibu. Huku pwani tuna njia yetu. Mwezi ukikaribia kuandama watu hutumiana ujumbe: tusameheane, kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, kwa neno au kwa kitendo. Ni desturi nzuri na mimi naifuata. Lakini nilipokuwa naandika jina la Mama Zaituni kwenye orodha ya watu sitini wa kutumiwa ujumbe huo huo, nikaona ninachofanya. Ni kama kumwambia mwenye duka, "Mimi na wewe tusamehe madeni yote," bila kutaja unadaiwa sukari kilo ngapi. Yeye anakuwa hajasikia kosa, na mimi nakuwa nimeomba radhi. Nikalifuta jina. Kutuma ule ujumbe kungekuwa rahisi sana, na ndiyo maana haukunifaa.

Siku ya kumi na moja nilikwenda kwake. Kitenge kile kile sikukipata, nilizunguka maduka ya barabara ya kumi na mbili yote. Nikanunua kingine cha yadi sita kwa shilingi 36,000, cha maua madogo yasiyokuwa na juu wala chini. Akanikaribisha barazani. Nikasema nilichokwenda kukisema: nilikata vibaya, niligeuza kitambaa, niliona usiku ule ule nikanyamaza, na habari ya yadi saba ilikuwa kisingizio. Maneno yote pengine hayakufika thelathini. Mdomo ulinikauka kuliko siku ya posa yangu.

Nilitegemea atalia kidogo, au atanikumbatia, sijui, kitu. Mama Zaituni alikipapasa kitenge kipya kwa vidole, akakiangalia kwenye mwanga, akasema, "Na kwapani pia lilibana."

"Kwapani?"

"La kushoto. Na kilemba kilikuwa kifupi. Na lile la Idd ya mwaka juzi, upindo ulifumuka siku ya pili, nikakusitiri."

Tulikaa pale saa nzima akinitolea makosa ya miaka minne. Alikuwa ameyahifadhi kwa mpangilio. Kumbe ukifungua mlango kwa kosa moja, yanaingia na jamaa zake. Gauni la maua nilimshonea bure, na kwapa nikaliachia sentimita mbili. Bado ni mteja wangu, lakini amekuwa mgumu wa bei. Akitaka kupunguziwa huniuliza tu, "Ndege hawajambo?"

Sitadanganya kwamba nimepona. Bado kuna siku naona mshono umekwenda kombo na ulimi unaanza kutafuta kiti cha kumvutia mteja. Tofauti ni kwamba sasa nausikia mwanzo wa wimbo kabla haujakolea. Mara nyingine nauzima. Mara nyingine, mteja akiwa mkorofi, nauacha ucheze.

Baba yuko hai, ana miaka themanini na mbili, anaishi na mimi. Kibanda kilikufa zamani, redio zilipoanza kuwa rahisi kutupa kuliko kutengeneza. Sikio la kulia halisikii, la kushoto linachagua. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa naye uani jioni, nikautafuta wimbo kwenye simu nikaupiga. Nilikuwa na swali langu la moshi. Nimelibeba zaidi ya miaka arobaini na nilikuwa nimeamua kwamba siku hiyo nitauliza, kwa upole.

Akasikiliza. Magitaa yakaja, waimbaji wakaja. Uso wake ukakunjamana.

"Besi iko wapi?"

Nikamsogezea simu. Akatikisa kichwa. Akaigeuza, akatafuta spika ilipo, akaweka kidole juu ya yale matundu madogo. Akanirudishia.

"Basi ni masikio yangu," alisema. "Mimi ndiye mbovu."

Sijawahi kumsikia akisema sentensi ile maishani mwake, na alikuwa ameisema mahali ambapo haikuwa kweli. "Hapana, baba," nikamwambia. "Masikio yako hayana makosa. Ni simu. Hizi spika zake ndogo hazitoi besi."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akanyamaza. Halafu akaniuliza, bila mimi kuuliza chochote, "Kile kigoda kiko wapi?"

"Cha mvule?"

"Cha bibi."

Nikamwambia kipo kazini kwangu, wateja hukikalia wakisubiri. Akasema vizuri. Akasema mvule hauliwi na mchwa. Akakaa kidogo akiangalia mikono yake, vile vidole vyenye makovu ya risasi ya kuchomelea, na mimi nikaona kwamba swali langu limeshajibiwa au halina haja tena. Sikuuliza.

Nikaenda kuchukua spika ya mwanangu, ile ya mviringo isiyotumia waya, nikaiunganisha na simu, nikamwekea mapajani, nikaanza wimbo upya. Besi ikaingia. Akaweka kiganja juu ya wavu, akainamisha kichwa. Dakika moja ikapita na hakuniambia nizime. Waimbaji wakamaliza utetezi wao, magitaa yakaachiwa, ile sehemu ndefu ambayo sikuwahi kuisikia kibandani hata siku moja, na kiganja bado kilikuwa pale.

"Hii nzima," alisema.